Namba Nne na Namba Tano

     

Jioni hii, wasikilizaji wa Garsen na wa delta ya Tana, tuzungumze kandanda. Najua wengi wenu mngependa nianze na washambuliaji, maana hao ndio wanaobebwa mabegani mechi ikiisha. Leo la. Leo nataka tukae na watu wawili ambao majina yao hutajwa siku wakikosea. Namba nne na namba tano. Mabeki wa kati.

Kwa nini wao? Kwa sababu msimu mpya uko mlangoni, na wiki hii yote ubishi umekuwa huohuo. Steji ya bodaboda, ni huo. Penye kahawa jioni, ni huo. Ndani ya banda la mpira, mechi ya Uingereza inaendelea kwenye televisheni, na watu wameipa mgongo wanabishana: msimu huu pale katikati, nani asimame na nani?

Na ubishi huu naupenda. Naupenda kweli. Shabiki anayebishana juu ya mabeki ni shabiki anayeutazama mpira wote, kuanzia langoni kwake. Lakini nimeusikiliza kwa makini, na kuna jambo naona linatuponyoka. Tunabishana majina. Huyu anamtaja wake, yule anamtaja wake, tunapima nani hodari kuliko nani, halafu tunachukua wawili walioshinda ubishi tunasema basi, jozi imepatikana. Ndugu zangu, jozi haipatikani hivyo. Jozi ni watu wawili waliozoeana. Neno hili nitalirudia jioni hii, mnivumilie. Jozi ni watu wawili waliozoeana.

Sasa tuusikilize ubishi wenyewe, maana kila upande una hoja yake na si haki kuupuuza.

Wako wanaotaka warefu. Hawa ndio wenye sauti kubwa zaidi, na wanatazama viwanja vyetu. Uwanja wetu wakati wa kiangazi unakuwa mkavu kama sakafu, mpira ukidunda hujui utaelekea wapi, kwa hiyo timu nyingi hazijisumbui kuupitisha chini. Kipa anaupiga mrefu, beki anaupiga mrefu, kona zinaelea, upepo nao una mambo yake. Wanasema: leteni watu wa kupiga vichwa, tulale usingizi.

Wako wanaotaka wenye mbio. Hawa wanakumbuka mabao tuliyofungwa na vijana wepesi waliopenya katikati huku beki mrefu akigeuka polepole. Kichwa hakimkimbizi mtu, wanasema. Na wako wazee, ambao huniambia kwa utulivu: mwanangu, weka mkongwe mmoja na kijana mmoja, mkongwe aseme na kijana akimbie.

Nani kati yao amepatia? Mimi wazee hawa nawaunga mkono kuliko wengine, na nitaeleza kwa nini. Lakini hata wao wanaishia kwenye sifa za kila mtu peke yake. Huyu anaruka, yule anakimbia, huyu anajua kusema. Hebu tuingie uwanjani tuone kinachotokea.

Mpira unakuja juu kutoka kwa kipa wa wapinzani. Unamlenga namba tisa wao. Mabeki wako wawili wamesimama. Mmoja lazima amfuate yule namba tisa, aruke naye. Wa pili lazima arudi nyuma hatua kadhaa, akae mahali ambapo mpira utaangukia kama mwenzake atashindwa. Sasa niambieni, wakienda wote wawili itakuwaje? Mpira utawapita juu, na nyuma yao hakuna mtu ila kipa na Mungu wake. Je, wakibaki wote wawili? Namba tisa ataupokea kwa starehe, atageuka, na ameshawatazama usoni. Uamuzi huo, wewe nenda mimi nibaki, unafanyika wakati mpira uko hewani. Hakuna muda wa kikao. Lazima uwe umeshaamuliwa zamani, kwenye mazoezi, kwenye mechi kumi za nyuma, mpaka neno moja linatosha. "Yangu!" Na mwenzake ameshaondoka.

Tazama na mtego wa kuotea. Mabeki wanapanda mbele kwa pamoja ili mshambuliaji abaki nyuma yao peke yake. Mmoja akichelewa hatua moja tu, mtego umevunjika, kibendera hakipandi, na sisi mashabiki tunaanza kumtukana mshika kibendera ambaye hana kosa lolote. Kosa ni la hatua moja baina ya watu wawili.

Nyinyi watu wa mto mnalijua jambo hili kuliko kocha yeyote. Watu wawili kwenye mtumbwi, mmoja mbele na pondo, mwingine nyuma na kafi. Mkiweka wanaume wawili wenye nguvu kuliko wote kijijini ambao hawajawahi kupanda pamoja, na mto umejaa, mtumbwi utazunguka. Wakiwekwa wawili wa kawaida waliovuka pamoja tangu utoto, mtafika Idsowe mkipiga soga.

Liko jingine dogo ambalo huwa tunalipita. Miguu. Beki wa kati wa upande wa kushoto akiwa wa mguu wa kushoto, mpira ukimfikia anaweza kuusukuma moja kwa moja kwa namba tatu au mbele kwa winga bila kujikunja. Wa mguu wa kulia akisimama pale, kila mara anaurudisha ndani, penye watu, na wapinzani wakishamjua wanamngojea hapohapo. Sasa sisi, kijana akionekana tu anatumia mguu wa kushoto, papo hapo anapelekwa winga. Hakuna anayefikiria kumpa namba tano. Makocha wanaonisikia, naomba mlitazame hili. Mtoto mrefu wa mguu wa kushoto ni hazina, msimtupe pembeni.

Na msidhani mambo haya ni ya kandanda peke yake. Wasikilizaji wenye umri mkubwa watakumbuka mpira wa magongo, ule unaochezwa kwa fimbo zilizopinda na kijipira kigumu. Mtoto wa Garsen huenda hajauona kwa macho yake, lakini kulikuwa na wakati ambapo Kenya ilihesabiwa miongoni mwa wakubwa wa mchezo huo duniani. Olimpiki ya Tokyo, 1964, Kenya ilimaliza ya sita. Kombe la Dunia la kwanza kabisa la magongo, Barcelona, 1971, Kenya ilimaliza ya nne. Ya nne duniani! Na nyuma kule alisimama beki mmoja, Avtar Singh Sohal, nahodha, aliyecheza Olimpiki nne mfululizo: Roma 1960, Tokyo 1964, Mexico 1968, Munich 1972. Magongo ya enzi hizo yalipangwa kwa mabeki wawili mbele ya kipa, watatu mbele yao, kisha washambuliaji watano. Mabeki wawili tu! Na kuotea kulikuwepo kwenye magongo pia siku hizo. Fikirieni uzito walioubeba wale wawili. Fikirieni pia maana yake mtu mmoja kuishika nafasi hiyo kwa miaka 12. Kila aliyewekwa kando yake aliikuta sauti inayojulikana, mahali panapojulikana. Mimi naamini sehemu kubwa ya ile nafasi ya nne ilitoka hapo.

Turudi kwenye kandanda, na turudi kwenye neno letu. Jozi ni watu wawili waliozoeana. Nina ushahidi gani?

Mashabiki wa Liverpool, mnakumbuka msimu wa 2020 na 2021? Najua mnaukumbuka, ingawa hampendi. Timu ilikuwa bingwa wa ligi. Oktoba 2020, beki wao wa kati Virgil van Dijk akaumia goti katika mechi na Everton. Baadaye akaumia Joe Gomez. Joel Matip naye akaumia. Kocha Jürgen Klopp akawa anaunga huku na huku. Akamtoa Fabinho kwenye kiungo akamrudisha nyuma. Akamrudisha Jordan Henderson. Hawa si wachezaji wadogo, ni majina makubwa, watu wenye medali. Kila wiki jozi mpya. Ikawaje? Liverpool ikapoteza mechi sita za ligi mfululizo katika uwanja wake wa Anfield. Mabingwa, nyumbani kwao, mechi sita.

Sasa sikilizeni kilichofuata, maana hapa ndipo penye somo. Mwishoni mwa msimu Klopp akawaweka Nathaniel Phillips na Rhys Williams. Nani aliwajua? Williams, msimu uliotangulia, alikuwa ameazimwa kwenda Kidderminster Harriers, timu ya daraja la sita. Phillips alihesabiwa kuwa wa kuondoka. Mbio hawana za kutisha, pasi zao ni za kawaida. Lakini waliachwa. Mechi tano za mwisho walisimama wao wawili, na Liverpool ikashinda zote tano, ikamaliza ya tatu na kuingia Ligi ya Mabingwa. Majina makubwa yanayobadilishwa kila wiki yalishindwa kupata kile ambacho vijana wawili walioachwa pamoja walikipata.

Narudia: walioachwa pamoja.

Arsenal, najua mko wengi Garsen, na nisipowataja simu zitapigwa hapa mpaka usiku. William Saliba na Gabriel Magalhães. Mmoja mguu wa kulia, mmoja mguu wa kushoto. Mmoja mtulivu anayepita mbele ya hatari kabla haijafika, mwingine mtu wa kugombana na namba tisa uso kwa uso. Machi 2023 Saliba akaumia mgongo, Arsenal ikiwa inaongoza ligi. Aprili wakatoka sare na Liverpool, wakatoka sare na West Ham, na katika mechi zote hizo mbili walikuwa wametangulia kwa mabao mawili. Wakaja kutoka sare ya 3-3 na Southampton iliyokuwa mkiani. Manchester City wakachukua kombe. Msimu uliofuata Saliba alicheza mechi zote 38 za ligi mwanzo hadi mwisho, na Arsenal ikafungwa mabao 29, machache kuliko timu nyingine yoyote. Kombe hawakulipata, sawa, lakini ukuta ulionekana. Na hapa nataka mshike jambo moja ambalo nitalihitaji baadaye: wakati ule Saliba alipoumia, hapakuwa na mtu wa tatu aliyezoeshwa. Aliyeingia aliingia kama mgeni.

Manchester United sitakaa nao sana, maana habari ya Rio Ferdinand na Nemanja Vidić kila mtu anaijua. Vidić alikuja Januari 2006 na mwanzo wake haukuwa mzuri. Sir Alex Ferguson hakumtoa. Leo hakuna anayeukumbuka mwanzo ule.

Lakini kwa nini twende Uingereza na hapa kusini ya kwetu kuna mfano mtamu? Wengi wenu jioni mnashika redio za Tanzania, mnaifahamu Simba. Mwaka 2020 Simba ilimchukua Mkenya kutoka Gor Mahia, Joash Onyango. Ikamsimamisha na Pascal Wawa, Mwaivori mkongwe aliyekwishapita Azam na El Merrikh ya Sudan. Mnaona? Yale yale ya wazee wetu. Mmoja ana maneno na macho, mwingine ana nguvu na miguu. Nyuma yao Aishi Manula langoni. Februari 2021 Al Ahly ya Misri, mabingwa wa Afrika, wakaja Dar es Salaam wakafungwa 1-0. Simba ikaongoza kundi lake, pointi 13, na katika mechi sita za kundi ikafungwa mabao mawili tu. Robo fainali mambo yaliharibika, Kaizer Chiefs wakawapiga 4-0 kule Johannesburg, na ushindi wa 3-0 wa marudiano haukutosha. Siwafichi hilo. Ukuta uliozoeana nao huanguka siku moja. Lakini nani angesema kabla ya msimu ule kwamba timu ya Afrika Mashariki itaongoza kundi lenye Al Ahly?

Na timu yetu ya taifa? Hapa nazungumza kwa uchungu kidogo. Kombe la Afrika 2019, Misri. Brian Mandela, beki wetu wa kati, akaumia goti kambini Ufaransa kabla mashindano hayajaanza. Pakaundwa jozi upya zimebaki siku chache. Joseph Okumu, kijana aliyekuwa akicheza Marekani, akasimama pale, na alicheza vizuri hata baada ya mashindano Elfsborg ya Sweden ikamchukua, kisha akaenda Gent ya Ubelgiji, kisha Reims ya Ufaransa. Beki wa kiwango hicho! Lakini mechi tatu tulifungwa mabao saba. Mawili na Algeria, mawili na Tanzania ingawa tuliwashinda 3-2, matatu na Senegal. Je, Okumu alikuwa mbaya? Hapana. Hao waliosimama naye walikuwa wabaya? Hapana. Walikuwa hawajakaa pamoja.

Halafu tazama Agosti 2025, mashindano ya CHAN, yale ya wachezaji wa ligi za nyumbani, yaliyofanyika hapa Kenya, Tanzania na Uganda. Kocha Benni McCarthy alikaa kambini na wachezaji hawa wa ligi yetu, akawa nao kila siku. Tukaifunga DR Kongo 1-0. Angola 1-1. Morocco 1-0. Zambia 1-0. Mechi nne za kundi, bao moja tu langoni mwetu, na mbili kati ya hizo tulicheza tukiwa pungufu baada ya kadi nyekundu. Robo fainali na Madagaska pale Kasarani tarehe 22, bao letu alilifunga nani? Alphonce Omija. Beki wa kati! Kwa kichwa. Tukatolewa kwa mikwaju ya penalti, na najua bado inauma, hata mimi inaniuma. Lakini ule ukuta, ndugu zangu, ulijengwa kwa kukaa pamoja.

Basi tuje nyumbani. Kwa nini kwetu Tana jozi hazidumu? Hapa ndipo ninapotaka tufikiri pamoja, kwa sababu shida yetu si ile ya Liverpool.

Kwanza, maisha yenyewe. Kijana wa wafugaji kiangazi yuko karibu, ng'ombe wameshuka deltani kutafuta majani, jioni anafika uwanjani. Mvua zikinyesha mifugo inaondoka kwenda mbali, naye anaondoka. Kijana wa wakulima, mpunga ukiwa shambani hana jioni, ndege wanamngoja. Maembe yakiiva ana kazi. Mwingine amepata kibarua Malindi au Mombasa, anakwenda, na ni haki yake kwenda. Kisha mto nao. Mafuriko ya mwisho wa 2023, na yale ya masika ya 2024, si yalitoa watu majumbani? Uwanja ukiwa chini ya maji na familia iko kambini chini ya turubai, nani atazungumza habari za namba nne na namba tano? Kwa hiyo nikisikia shabiki anamlaumu kocha kwamba kila mechi ana mabeki wapya, nataka kwanza amuulize kocha: wale wa kwanza wako wapi?

Na kwa kuwa maisha yetu ndivyo yalivyo, nafikiri tusitafute jozi, tutafute watatu. Watatu wanaofanya mazoezi pamoja tangu siku ya kwanza, wakipokezana. Leo wa kwanza na wa pili, kesho wa pili na wa tatu, keshokutwa wa kwanza na wa tatu. Ng'ombe wakimchukua mmoja, anayeingia si mgeni. Kile walichokikosa Arsenal mwaka 2023, sisi tunaweza kukiandaa bila shilingi. Haya si mambo ya fedha. Ni mambo ya kocha kuamua mapema na kuwa mkaidi kidogo, na ya sisi mashabiki kumwachia.

Maana sisi mashabiki tuna dhambi yetu. Beki akikosea mechi ya kwanza, mechi ya pili tunataka atoke. Tunapiga kelele kando ya mstari, tunampigia simu kocha usiku, tunamtuma mzee akamwambie. Kocha naye ni jirani yetu, anatuogopa, anamtoa. Anaingia mwingine, anakosea, anatoka. Ikifika katikati ya msimu tumeshatumia mabeki sita na hakuna wawili wanaojuana hata majina ya utani. Halafu tunasema timu haina mabeki. Mabeki tunao, hatukuwaacha pamoja.

La pili ni zito zaidi, na nalisema kwa heshima zote. Wakati wa kuchagua kikosi cha pamoja, cha wadi au cha kaunti, tunapanga kwa makabila na kwa vijiji. Mmoja wetu, mmoja wenu. Mpokomo mmoja nyuma, Mworma mmoja nyuma, Mgiriama au Mwardei asikose, ili asiwepo wa kunung'unika. Naelewa kwa nini tunafanya hivyo. Hakuna mtu mzima katika Tana Delta aliyesahau mapigano ya 2012 na 2013. Tulizikana. Tukiogopa kumwacha mtu nje, hofu hiyo ina sababu, na simcheki yeyote aliye nayo.

Lakini nataka tulitazame kwa jicho la mchezo. Kumweka Mpokomo na Mworma kando kwa kando siku ya mechi, wapigwe picha, kisha kila mmoja arudi kwao, hiyo haijawa jozi. Mpira wa kwanza wa juu ukija, mmoja ataita kwa Kipokomo, mwenzake atafikiria kwa Kiorma, na namba tisa wa Malindi hatawangojea watafsiriane. Mimi sitaki tuache kuwachanganya. Nataka tuwachanganye zaidi, na mapema zaidi. Wawekwe pamoja mwezi mzima kabla ya mechi ya kwanza. Wale pamoja, wakimbie pamoja, wakubaliane neno lao. Nimeona mabeki wa namna hiyo uwanjani, na nawaambieni, ikifika kipindi cha pili huwezi kujua nani ametoka upande gani wa mto. Wameshatengeneza lugha yao wenyewe, nusu Kiswahili, nusu vidole. Mama mmoja aliyekuwa amesimama karibu nami alikuwa akiwapigia vigelegele wote wawili, na mmoja tu ndiye mwanawe.

Najua yuko anayeuliza: je, ikiwa mmoja kweli ni mbovu? Tumwache tu kwa sababu ya mazoea? Swali zuri. Hapana, mvivu wa mazoezi aondoke, asiyesikia aondoke, na anayemtukana mwenzake kila bao likiingia aondoke wa kwanza kabisa. Huyo ni sumu kwa jozi hata akiwa anaruka kama paa. Lakini anayejituma na kukosea, mpe mechi tano. Tano! Phillips na Williams walipewa tano. Ukimwondoa baada ya moja, hukumpima yeye, umepima bahati yake.

Na akina dada wanaocheza, haya yote ni yenu pia. Vijana wetu wa kike wa chini ya miaka 17, Junior Starlets, ndio waliokuwa Wakenya wa kwanza kucheza Kombe la Dunia la FIFA, mwaka 2024 kule Jamhuri ya Dominika. Timu za wasichana huku kwetu huwa na wachezaji wachache, na kwa sababu hiyo hiyo mabeki wao hukaa pamoja muda mrefu. Nendeni mkawatazame. Mtaona wanavyopanda mstari kwa pamoja, na wavulana wetu wangejifunza.

Muda wangu unakwisha, fundi mitambo ananionyesha saa. Kabla sijaondoka, nina ombi. Najua mtatuma ujumbe, kama kawaida yenu, kila mtu na mabeki wake wawili wa msimu huu. Tumeni, nitawasoma hewani wiki ijayo. Lakini safari hii pamoja na majina niandikieni na jambo la pili: hao wawili wameshacheza pamoja mechi ngapi, na wakitenganishwa na mvua au kibarua, wa tatu wao ni nani? Makocha nanyi tumeni, msiwaachie mashabiki peke yao. Wiki ijayo pia tutakuwa na habari za kipa, maana namba moja asipoita, namba nne na namba tano wanacheza gizani, na hilo nalo linataka jioni yake.